"Msinifanyie kama mlivyonifanyia kwa baba": kisa cha watoto watatu waliomuuguza mama yao

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 38, mjane, muuza vitumbua katika mji mdogo mkoani Tanga. Saratani ya mlango wa kizazi ilipogunduliwa ilikuwa imeshaingia nyongani. Akapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, akapigwa mionzi, akarudi na nafuu ya miezi kadhaa, hata chuma chake cha vitumbua akakiinjika tena. Kisha kiuno kikaanza, mguu wa kushoto ukavimba, na ultrasaundi ikaonyesha figo zote mbili zimejaa maji kwa kuwa uvimbe umebana mirija ya mkojo. Kwa wanaoujua ugonjwa huu, habari hiyo ya figo ndiyo inayosema muda uliobaki. Akaletwa kwetu, timu ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, kwa ajili ya maumivu. Mimi ni muuguzi katika timu hiyo. Maumivu yake mofini iliyatuliza, kwa hiyo sitayaandika sana. Ninaandika kuhusu watoto wake. Familia imekubali, umri na mambo machache nimeyabadilisha.

Walikuwa watatu. Binti wa miaka 15, Kidato cha Pili. Mvulana wa miaka 10, Darasa la Nne. Na wa mwisho, mvulana wa miaka mitano, aliyeanza darasa la awali asubuhi na chuo cha Kurani alasiri. Nyumbani alikuwepo bibi yao mzaa mama, pamoja na mama mdogo ambaye hushona nguo barazani. Baba yao alifariki kwa ajali ya pikipiki miaka mitano nyuma. Upande wa baba kuna baba mkubwa yuko Korogwe. Upande wa mama kuna mjomba yuko Dar es Salaam.

Ziara ya kwanza, bibi alinisindikiza hadi chini ya mwembe, akatazama nyuma kama kuna anayesikia, akaniambia: "Mwanangu, watoto hawa hawajui kitu. Na wewe usiwaambie. Tusimchurie mwenzetu."

Nikamwambia, "Nimekusikia, mama." Sikumwahidi zaidi ya hapo.

Wasiojua kitu

Ziara iliyofuata niliomba kuona dawa inavyotolewa. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi mbili kwa pamoja ili mgonjwa alale bila kuamshwa saa nane za usiku. Nikauliza nani anapima. Bibi akaita jina la binti.

Akaja na chupa, bomba la kupimia, na daftari la shule lililojaladiwa kwa gazeti. Alikuwa amechora safu tatu kwa rula. Ya kwanza saa, ya pili kiasi cha dawa, ya tatu haikuwa na kichwa cha habari, ila imejaa namba: 18, 16, 19, 14, 17. Nikamuuliza hizi ni za nini. Akasema, bila kuniangalia, "Mama anavyopumua kwa dakika. Nahesabu nusu saa baada ya dawa. Ikishuka sana nijue ni mimi."

Kuna mtu alimwambia mofini ni dawa ya kummalizia mgonjwa. Hakumbuki ni nani. Huenda hata hakuambiwa yeye, alisikia tu wakizungumza. Basi kila usiku alikuwa akiamka saa nane, saa ambayo hakuna dozi, kwenda kuhesabu pumzi za mama yake gizani. Mchana analala darasani. Shule ilishaandika barua kwa mzazi kuhusu "uzembe", naye aliisaini mwenyewe.

Huyu ndiye mtoto ambaye bibi aliniambia hajui kitu. Tena ndiye ambaye majirani walikuwa wakimsema hana huruma, kwa sababu mchana hakai na mama yake. Akitoka shule anapitiliza kwa rafiki yake mpaka magharibi. Mama mdogo naye alikuwa amekwazika: "Mwenzio anaumwa, wewe umeshamwondoa moyoni."

Maneno ya mama mdogo yalikuwa makali, lakini kuna kitu aliona. Mwaka 1944 daktari wa magonjwa ya akili wa Boston, Erich Lindemann, aliandika kuhusu watu wanaoomboleza kabla ya kifo kutokea. Vita vilikuwa vikiendelea, na mfano alioutoa ulikuwa wa wake wa wanajeshi: mwanamke amejiandaa kwa kifo cha mume, amelia, amemzika moyoni; mume anarudi mzima na kukuta hana nafasi tena. Mtu anayesubiri msiba kwa muda mrefu anaweza kuanza kujitoa mapema ili siku ikifika asiumie sana. Kijana wa miaka 15 hufanya hivyo waziwazi, na watu wazima wanasoma utovu wa adabu. Binti huyu alikuwa akifanya yote mawili kwa pamoja: mchana anajitoa, usiku anarudi kuhesabu.

Mvulana wa kati alikuwa na tumbo. Kila Jumatatu asubuhi tumbo linauma, haendi shule. Walimpima malaria, hana. Wakampa dawa ya minyoo, tumbo likabaki palepale. Nilikaa naye akinionyesha mpira wake wa mifuko ya nailoni, na baada ya kuzungumza sana habari za Simba na Yanga ndipo akatoa lake. Darasani kuna mwenzake alimwambia kwamba kwao kunanuka. Na kweli palikuwa na harufu. Ugonjwa huu una usaha unaonuka, na hilo ndilo linalomdhalilisha mgonjwa kuliko yote. Mwingine akamwambia mama yake ana ule ugonjwa wa kuambukiza. Tangu hapo akaacha kula sahani moja na mama yake, kisha akaanza kujichukia kwa kuacha. Kubwa zaidi alikuwa amesikia, dirishani usiku, kwamba mama amerogwa, na kwamba waliomroga ni watu wa upande wa baba. Wa Korogwe.

Mdogo hakuulizwa na mtu. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba amechimba kishimo mchangani. Amelaza gunzi lililofungwa kitambaa cheupe, mabaki ya cherehani ya mama mdogo. Anafukia, anapigapiga udongo kwa kiganja, anafukua, anafukia tena. Bibi alipoona alipiga ukelele, akamnyang'anya lile gunzi na kumchapa kofi la mkono. "Uchuro huu! Unamzika nani?" Mtoto akaangua kilio kikubwa, na nina hakika hakujua amekosa nini.

Kwa nini wazee walinyamaza

Ni rahisi kumlaumu bibi. Baadhi ya wenzangu wakitoka kwenye semina husema wazee wetu wana mila ya kuficha, kana kwamba wazee hawa hawajawahi kuuguza. Bibi huyu amezika mume, mkwe na watoto wake wawili. Anajua kuuguza kuliko mimi. Alichokuwa akikiogopa kilikuwa na mantiki yake: neno likishatamkwa mbele ya mgonjwa linamvunja moyo; mtoto akijua atalia, mama atamwona analia, naye atakata tamaa ya kula. Na juu ya hayo, hakuwa na jibu la swali linalofuata. Ukimwambia mtoto mama yako hatapona, atakuuliza, mimi je? Nani atanilea? Bibi ana miaka zaidi ya sabini na sukari. Hakuwa na la kumjibu.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo katika kisa hiki. Tunapozungumza kuhusu kuwaandaa watoto kwa msiba, tunakimbilia maelezo ya kifo: kifo ni nini, roho inakwenda wapi. Watoto niliowahi kukaa nao huanzia kwingine. Wanataka kujua watalala wapi, nani atalipa michango ya shule, kama watatenganishwa. Mtu mzima asiye na jibu la hayo ananyamaza kabisa, hata kwa yale ambayo angeweza kuyasema. Kwa hiyo tulianza na makao. Maneno tuliyaacha yafuate.

Lakini mwenye kauli ya kwanza ni mgonjwa. Nilimuuliza mama mwenyewe, tukiwa wawili, baada ya kumfungia vitambaa vipya vyenye vidonge vya metronidazo vilivyosagwa ili kupunguza harufu: "Dada, unadhani watoto wanajua nini?" Akakaa kimya muda mrefu. Kisha: "Wanajua. Ninajifanya silijui wanalolijua, na wao wanajifanya hivyo hivyo. Nimechoka, nesi."

Akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. Mume wake alipokufa, binti alikuwa na miaka 10. Walimpeleka kwa jirani, wakamwambia baba amesafiri. Aliporudi siku ya tatu alikuta turubai linashushwa. Hakuuona mwili, hakumuaga. "Mpaka leo hajanisamehe, wala hajasema." Jioni hiyo binti alilisema mwenyewe, kwa bibi, wakigombana kuhusu vyombo: "Msinifanyie kama mlivyonifanyia kwa baba." Bibi ndiye aliyenisimulia, na nadhani neno hilo lilimfungua kuliko yote niliyosema mimi.

Ustadhi wa chuo cha mdogo alisaidia pia, kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akakumbusha hadithi inayojulikana, kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia haifai alale usiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Kwa bibi, kumwambia mtoto kwamba mama atakufa ni uchuro. Kuandika wasia ni dini. Basi tukaingilia mlango wa wasia.

Kikao

Baba mkubwa akapanda basi kutoka Korogwe, mjomba akaja kutoka Dar es Salaam. Wanaume hawa wawili walikuwa wameshazungumza kwa simu na kugawana: mvulana wa kati Korogwe, binti Dar es Salaam kwa mjomba, mdogo abaki na bibi. Walifanya kwa nia njema, kila mmoja abebe anachoweza. Watoto walikuwa wameyasikia hayo kitambo.

Afisa ustawi wa jamii tuliyekwenda naye aliwaeleza, kwa upole, kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto mwenye uwezo wa kufikiri haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Baba mkubwa akacheka kidogo: "Yaani nimuulize mtoto anataka kulelewa na nani?" Afisa akamjibu kwamba kumuuliza si kumpa hukumu. Wazee waamue, ila waamue wakiwa wamesikia.

Binti akaitwa. Alisema mambo mawili tu. Wasitenganishwe kabla hajamaliza mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili, mwezi wa Novemba. Na mdogo wake wa kati asipelekwe Korogwe, lakini sababu hakuitaja. Mjomba akaijua sababu. Akasema waziwazi, jambo ambalo si kila mwanaume angelifanya: "Shemeji, kuna maneno mabaya yanazunguka hapa mtaani kuhusu ninyi. Watoto wameyasikia."

Hali ya hewa ilibadilika chumbani. Mama, aliyekuwa amelala ubavu akisikiliza, ndiye aliyeokoa. Alisema ugonjwa wake ameelezwa na madaktari, unatokana na virusi vilivyoingia mwilini miaka mingi nyuma, haukutumwa na mtu. Akamwambia shemeji yake kwamba hana kinyongo naye na anaomba asiwe na kinyongo. Mchana ule baba mkubwa alikula pale, sinia moja na yule mvulana. Mtu yeyote wa pwani anajua uzito wa jambo hilo kwa mtoto aliyeambiwa huyu ni mchawi: anakula chakula cha nyumba hii, mkono wake na wangu kwenye wali mmoja. Ningeweza kumweleza mtoto yule sayansi ya virusi mpaka jua lizame nisifike hapo.

Uamuzi: watoto wote watatu wabaki na bibi na mama mdogo mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Baba mkubwa alipe michango na sare, mjomba atume pesa ya chakula kila mwezi. Likizo ya Desemba mvulana aende Korogwe kutembea, kisha izungumzwe upya. Haukuwa uamuzi kamili, lakini sasa bibi alikuwa na la kusema.

Mama anasema

Mama alitaka kusema mwenyewe. Tulipanga muda: baada ya dozi ya saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, maumivu yakiwa yametulia na watoto hawana shule. Bibi kwenye kigoda, mama mdogo mlangoni, mimi kando. Tulishazungumza naye jana yake kuhusu mambo machache ya kuepuka. Asiseme "nitasafiri", asiseme "nitalala". Mwanasaikolojia wa Hungaria, Maria Nagy, katika utafiti wake kwa watoto wa Budapest uliochapishwa mwaka 1948, alikuta watoto wadogo wa umri wa huyu wetu wa mwisho wakikiona kifo kama safari au usingizi, jambo ambalo mtu anaweza kurudi kutoka humo. Ukimwambia amelala, atasubiri aamke. Au ataogopa kulala yeye.

Mama hakuhutubia. Alisema: "Wanangu, ugonjwa wangu unaitwa saratani. Nimetibiwa, haukuisha. Daktari amesema hautaisha. Siku moja si mbali mwili wangu utachoka kabisa, nitakufa. Sikuwachoka ninyi. Na hakuna kati yenu aliyefanya kitu nikaumwa."

Kimya. Mdogo akauliza: "Nani atakaanga vitumbua?"

Mama mdogo akajibu kabla yeyote hajafikiri: "Mimi. Na wewe utanisaidia kukoroga." Mtoto akaridhika, akatoka kwenda kucheza. Wageni waliokuwa barazani walishangaa anacheka, ila mtoto wa umri ule huingia kwenye huzuni na kutoka kama anayekanyaga dimbwi. Alirudi baada ya nusu saa kuuliza kama mama atakuwa na njaa huko chini. Akajibiwa hapana: aliyekufa hasikii njaa, hasikii baridi, haumwi tena. Aliuliza swali hilo hilo mara nyingi siku zilizofuata, na tulimwambia bibi ajibu kwa maneno yale yale kila mara, bila kumkemea. Gunzi akarudishiwa. Bibi hakulipenda, lakini hakumnyang'anya tena.

Mvulana wa kati aliuliza kama unaambukiza. Hapo niliingia mimi: virusi hivi havipiti kwenye sahani, wala kikombe, wala kitanda, wala kumkumbatia mama. Dakika chache baadaye alikuwa amepanda kitandani, miguu na viatu.

Binti hakuuliza kitu. Alitoka nje, akarudi jioni. Nilimfuata siku nyingine kwa jambo lake la dawa.

Kumtua mzigo bila kumnyang'anya

Nilimweleza mofini inavyofanya kazi: ikipimwa kwa kiasi alichoandikiwa mgonjwa na kupandishwa kidogokidogo, haimuui mtu. Kinachomuua mama ni figo. Namba zake zote alizoandika zilikuwa za mtu anayepumua sawasawa. Nilimwonyesha hivyo moja baada ya nyingine kwenye daftari, kwa sababu mtoto aliyehesabu wiki nzima anastahili kujibiwa kwa hesabu.

Wazo la kwanza la mama mdogo lilikuwa kumwondoa kabisa kwenye dawa. Binti alikataa kwa hasira. Kwake, ile chupa ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuwa karibu na mama bila kulazimika kuzungumza. Tukakubaliana: mama mdogo achukue dozi nyingine zote, binti abaki na ya saa kumi na mbili jioni. Usiku alale. Daftari liendelee, safu ya tatu ifutwe. Hakuifuta, ila aliacha kuijaza.

Naona hili ni sehemu ambayo familia nyingi huteleza pande zote mbili. Ama kijana anageuzwa muuguzi wa nyumba, mpishi na mlezi wa wadogo zake, ama anafukuzwa kabisa chumbani ili asione. Kumuuguza mzazi ni heshima katika jamii yetu, na kijana anaijua heshima hiyo; ukimnyima utamjeruhi. Ila apewe kipande kinachobebeka, chenye mwanzo na mwisho, na mtu mzima awe nyuma yake.

Palikuwa na jambo jingine lililomkaa binti, naye alilitoa taratibu, tukifua vitambaa. Miezi iliyopita, alipokatazwa kwenda mahafali ya rafiki yake, alimpigia mama kelele: "Kila siku unaumwa wewe tu!" Tangu hapo hajaweza kukaa naye chumbani kwa amani. Nikamuuliza kama ameshaomba radhi. Akasema ataanzaje.

Hapa sina ufundi wowote wa kudai. Lugha na dini vimeshampa mlango: alikwenda jioni moja na dozi yake, akapiga magoti, akasema, "Mama, naomba radhi." Mama hakumuuliza ya nini. "Radhi zangu unazo, mwanangu, za dunia na akhera. Na mimi nisamehe lile la baba yako." Kwa kijana kama huyu, nadhani dakika hiyo ilifanya kazi kuliko vikao vyangu vyote. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha imefanyika mama akiwa bado na fahamu, kwa sababu figo zikishindwa, fahamu hutangulia kuondoka.

Swali lake jingine alilinong'ona: kama na yeye atapata. Saratani hii hairithiwi kama rangi ya macho. Inaletwa na virusi vya HPV, na chanjo yake imekuwa ikitolewa nchini kwa wasichana tangu 2018. Alikuwa ameshachanjwa shuleni mwaka uliotangulia, bila kujua ni ya nini. Nilimwona akipumua.

Vitu vya kubaki navyo

Mwishoni mwa miaka ya 1990, akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini Uganda, kupitia chama chao cha NACWOLA, walieneza desturi ya kuwaandikia watoto kitabu cha kumbukumbu: ukoo wetu unatoka wapi, siku uliyozaliwa ilikuwaje, ninakutakia nini. Waliogundua faida yake walisema kitabu chenyewe kilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba huwezi kukiandika na mtoto bila kumwambia kwa nini unakiandika.

Mama huyu hakupenda kuandika. Alirekodi sauti kwenye simu ya mama mdogo. Nyingi zilikuwa za kawaida kabisa: kipimo cha hamira na tui, nani anadaiwa vitumbua, jina la mkunga aliyemzalisha mdogo. Kwa binti alitoa doti ya kanga, akaikata yeye mwenyewe kwa mkasi wa cherehani, kipande kimoja akabaki nacho. Wavulana walipata saa ya baba yao, waipokezane kila mwaka, jambo ambalo tayari limeshaleta ugomvi mara moja.

Shuleni, afisa ustawi alizungumza na mwalimu wa malezi kwa ajili ya binti. Kwa mvulana tulimwomba mwalimu wa darasa ajue, bila kutangaza. Akatangaza. Alisimama mbele ya darasa zima kuwaomba wamwombee mwenzao ambaye "mama yake yuko hatua za mwisho". Alitaka mema. Jumatatu iliyofuata tumbo lilirudi kwa nguvu. Tangu hapo kila ninapozungumza na mwalimu ninamwachia maneno kamili ya kusema na yasiyosemwa, na ninamuuliza mtoto kwanza anataka nani ajue.

Wiki za mwisho

Kwikwi zilianza, usingizi ukazidi, akawa anaweweseka. Watoto tulikuwa tumewaambia kabla: mama atalala zaidi, anaweza kusema maneno yasiyoeleweka, anaweza asiwajue, ni sumu ambayo figo haziwezi kuitoa, si kwamba amewasahau. Pumzi zitabadilika, koo litakoroma, yeye hataumia. Siku alipomwita binti kwa jina la marehemu dada yake, binti aliitika, "Abee," akaendelea kumpepea.

Walijua pia kitakachofuata, maana mama alikuwa amekipanga. Binti alitaka kuwepo kwenye kuoshwa, kwa kuwa kaburini wanawake wa kwao hawaendi. Bi mkubwa anayeosha maiti alikuja mapema akamweleza kila hatua, na kwamba akishindwa katikati atatoka bila lawama. Mvulana angekwenda makaburini akishikwa mkono na mjomba. Mdogo angeuona uso wa mama kabla ya kufunikwa, akitaka.

Yote yalitimia isipokuwa moja. Mama alifariki alfajiri. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, mvulana amelazwa kwa jirani, na kipaza sauti cha msikiti kilimfikia kabla ya mama mdogo. Alisikia jina la mama yake likitangazwa akiwa peke yake kwenye mkeka wa watu. Katika mipango yetu ya sasa kuna mtu mmoja ambaye kazi yake usiku ule ni mtoto tu, na tangazo halitoki mpaka mtu huyo aseme tayari.

Makaburini alitupia udongo mara tatu kama mjomba alivyomwonyesha, akauliza kama anaweza kuongeza. Binti alimmwagia mama maji mpaka mwisho.

Nilirudi baada ya arobaini. Binti alikuwa amefanya mtihani wake. Mdogo anakoroga unga wa vitumbua na kumwaga nusu. Mvulana ana siku mbaya na siku nzuri, na likizo amekwenda Korogwe akiwa na tarehe ya kurudi mfukoni. Baba mkubwa bado anasema ahamie moja kwa moja, bibi hataki, sukari yake imepanda. Afisa ustawi ameitisha kikao kingine Januari, na safari hii mvulana ataitwa kabla wazee hawajaanza kuzungumza.